Mahindi na maharage shamba moja, udongo ndo unaamua nani anambana mwenzake

Haya, tuanze ndugu zangu. Swali ninaloulizwa sana na wakulima ni hili, mwalimu nikichanganya mahindi na maharage si nitapata hasara? Na mimi nauliza kwanza, udongo wako ukoje, manake bila hilo sina jibu.

Mahindi yana mizizi ya nyuzinyuzi, inasambaa chapchap na kufyonza naitrojeni ya udongoni, chakula kinachokuza majani, kabla harage halijashtuka. Sasa kama udongo umechoka, harage linategemea vile vinundu vya mizizini, humo kuna bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, kwa hiyo hawa wawili wanakula sahani tofauti na wote wanaenda. Lakini mwaga urea nyingi, ile mbolea ya naitrojeni, hapo uone, mahindi yanapanda juu, kivuli kinaliziba harage, na vinundu vyenyewe vinalegea kwa sababu naitrojeni ipo ya bure udongoni. Mahindi utavuna vizuri tu, maharage ndo utalia.

Ila msiangalie zao moja moja. Tuseme umepata asilimia 70 ya mahindi ambayo ungevuna ukipanda mahindi matupu, na maharage asilimia 50, jumla 120, yaani eka 1 imekupa kazi ya eka 1.2. Hiyo ni faida jamani, hata kama kila zao limepungua.

Udongo mwekundu wenye tindikali, kama sehemu nyingi za magharibi mwa Kenya, una shida nyingine kabisa. Fosforasi, chakula kingine cha mmea, imeshikwa na chuma na alumini, na kinundu bila fosforasi hakifanyi kazi, basi harage linarudi kugombania naitrojeni ileile na mahindi na yote yanakuwa njano. Hapo urea peke yake haikusaidii, weka mbolea ya fosforasi wakati wa kupanda. Ile ya mawe ya Minjingu kule Manyara inafaa udongo huu, tindikali yenyewe ndo inaiyeyusha.

Mbaazi naipenda sana, naomba mnivumilie hapa. Mizizi yake inatoa asidi inayofungua fosforasi iliyoshikwa na chuma, watafiti walilionyesha hilo India mwaka 1990, halafu mwanzoni inakua polepole kwa hiyo haisumbuani na mahindi, pale Babati mahindi yanavunwa mbaazi bado imesimama, inavuta unyevu wa chini kabisa.

Kwenye kichanga na mvua kidogo, mfano Dodoma, ugomvi mkubwa ni maji, panda mtama au uwele na kunde, nafasi iwe pana. Mbugani kwenye udongo mweusi mfinyanzi maji yakituama vinundu vinakosa hewa, piga matuta.

Mpangilio nao una nguvu, magharibi mwa Kenya kuna ule wanaouita MBILI, mistari miwili ya mahindi miwili ya jamii ya kunde, mwanga unapenya mpaka chini na hata karanga zinazaa.

Ukitaka kujua shambani kwako hali ikoje, maharage yakianza maua chimbua mashina machache taratibu, usivute, pasua vinundu. Ndani kukiwa na wekundu vinafanya kazi, vikiwa vyeupe au kijani bado havijaanza au vimeshachoka. Haya maswali, mama wa pale nyuma uliwahi kunyoosha mkono, karibu.