Kuhakiki Makala ya Kamusi Elezo: Mfano wa Bombay Talkies

Ndugu wasikilizaji, anayehakiki makala ya kamusi elezo kuhusu kampuni ya filamu aanze kwa kujiuliza iwapo makala hiyo inaieleza kampuni au inawaeleza mastaa wake. Nimechagua Bombay Talkies, kampuni ya filamu ya India iliyoanzishwa Malad, Bombay (sasa Mumbai), mwaka 1934 na mtayarishaji Himanshu Rai na mkewe, mwigizaji Devika Rani, kwa kuwa habari za ndoa na ugomvi wa wakubwa wake ni tamu kiasi kwamba mwandishi huzama humo, kampuni ikabaki jina tu.

Chukueni sentensi hii: "Rai alipofariki mwaka 1940, kampuni ilididimia." Inasomeka vizuri, ila haisimami. Filamu ya Kismet, iliyotoka mwaka 1943, ni ya kampuni hiyo hiyo, na ilionyeshwa katika ukumbi wa Roxy, Calcutta, kwa zaidi ya miaka mitatu. Pigo kubwa lilikuwa mgawanyiko, pale mtayarishaji Sashadhar Mukherjee, mwigizaji Ashok Kumar na wenzao walipoondoka wakaunda studio yao, Filmistan, na Devika Rani naye akaacha filamu mwaka 1945. Hata hivyo, filamu ya Mahal ya mwaka 1949 bado ilitoka kwa jina la Bombay Talkies. Kwa hiyo haitoshi mhakiki kuifuta sentensi ile. Aeleze nani aliondoka, lini, na kazi ipi ilikosa mtu.

Jambo hilo la kazi ndilo huachwa zaidi. Mwongozaji Franz Osten na mpigapicha Josef Wirsching walikuwa Wajerumani, na makala nyingi huwataja kama pambo, ilhali Osten ndiye aliyeongoza filamu ya Achhut Kannya ya mwaka 1936, na vita vilipozuka mwaka 1939 Waingereza walimkamata, studio ikapoteza mwongozaji wake mkuu. Ashok Kumar mwenyewe alikuwa mfanyakazi wa maabara ya filamu kabla ya kusimamishwa mbele ya kamera, habari inayotuonyesha studio iliyosafisha filamu zake yenyewe.

Kuhusu vyanzo nitasema kwa ufupi: tangazo la kampuni linathibitisha kwamba filamu ilitangazwa, si kwamba ilipendwa, na kumbukumbu za mwigizaji, hata zikiwa za kuvutia (na kwa kawaida huvutia), ziandikwe kuwa ni kauli yake. Orodha ya filamu, ambayo waandishi wengi huianza nayo, nashauri iwekwe mwisho.