Kupiga Picha za Jiji la Dar: Anza na Jua

Asanteni, kaeni. Wakubwa zangu mliopo, shikamooni. Na ninyi vijana, habari za jioni? Nimeambiwa wengi wenu mnatumia simu na wachache wana kamera. Hakuna neno. Kabla sijaendelea, toeni hizo simu mfute lenzi kwa kitambaa kisafi. Ukungu mwingi ninaouona kwenye picha za usiku ni mafuta ya chipsi. (Kicheko.)

Wanaoanza huniuliza wanunue kamera gani. Mimi nawauliza jua litakuwa wapi. Dar es Salaam ina bahari upande wa mashariki, kwa hiyo asubuhi jua linatokea baharini na kuumulika mji usoni. Jioni linazama nyuma yake, upande wa bara. Tuchukue Kanisa la Azania Front pale Kivukoni, linalotazama bandari. Nenda saa 1 asubuhi: ukuta mweupe unapata mwanga wa ubavuni, kila dirisha lina kivuli chake, vigae vyekundu vya mnara vimekolea rangi. Rudi saa 7 mchana uone. Kuta zimekuwa bapa, anga limepauka, picha imeungua kwa mwanga mwingi. Tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na jua la utosi si mchezo. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, linapita juu kabisa ya vichwa vyetu hata nguzo ya taa inakosa kivuli. Saa hizo nenda kale, au upige watu na bidhaa chini ya baraza za Kariakoo.

Jioni ndiyo nataka tuzungumze kwa kirefu. Ukisoma maelekezo ya wapigapicha wa Ulaya utadhani una muda wa kutosha baada ya jua kuzama. Kwao linateremka kwa mshazari, taratibu. Hapa linashuka karibu wima. Linazama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 kutegemea mwezi, na baada ya hapo una dakika 20 na ushee, giza limeshika. Katikati ya dakika hizo kuna kipindi kifupi ambapo taa za madirishani zimewaka na anga bado lina buluu iliyokoza, mwanga wa juu na wa chini umelingana. Ukipiga mapema mno, taa hazionekani. Ukichelewa, anga ni jeusi na maghorofa yamebaki madoa ya taa yasiyo na umbo. Sasa mtu anafika saa 12:30 akihema, anaanza kufungua stendi ya kamera! Fika saa 11, panga fremu yako, kaa usubiri.

Ukae wapi? Mimi napenda ng'ambo, Kigamboni. Ukiwa Posta unainua simu juu kulitafuta ghorofa la mwisho, na majengo yanaegemea nyuma kama walevi. Ukivuka na pantoni, maji yanakupa umbali. Simu unaishika wima, nayo majengo yanasimama. Ila jamani, kulia kwako huko ng'ambo ni Ikulu. Elekeza kamera kushoto. Na kwenye pantoni au bandarini uliza kwanza. Askari akisema hapana, usianze kumsomea sheria, mwanga unaisha.

Ukishapanga fremu, gusa kwenye kioo sehemu ya anga yenye mwanga mkali, halafu teremsha mwanga kidogo mpaka rangi irudi. Palipo giza unaweza kupafufua baadaye, palipoungua hakuna cha kurudisha. Usivute kwa vidole, picha inapasuka. Tumia kuchelewesha kwa sekunde 2 ili kidole kisiitikise simu. Wenye kamera, iwekeni kwenye stendi, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) iwe 100, tundu la lenzi f/8, muiache shata, ule mlango wa kupitisha mwanga, wazi sekunde kadhaa. Pantoni ikikatiza itaacha mstari wa taa juu ya maji.

Maji nayo yana ratiba yake. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, yakipwa Coco Beach mchanga unabaki umelowa kwa eneo kubwa. Shusha simu mpaka karibu iguse mchanga, uelekeze kusini kwenye Daraja la Tanzanite, lile lililofunguliwa 2022. Utapata daraja la pili limelala chini. Hapo mstari wa bahari unaweza kuuweka katikati. Kwingine fuata theluthi: gawa fremu mara tatu, na kitu kikuu kiweke kwenye mstari wa mgawanyo, si katikati. Washa ile mistari ya kugawa fremu kwenye simu, tusiimalizie jioni hapo.

Kupanga picha tukajifunzie kwenye Sanamu ya Askari, makutano ya Samora na Azikiwe. Yuko pale tangu 1927 na karibu kila mtu anamweka katikati ya fremu. Mtazameni: singe yake inaelekea bandarini. Basi acha nafasi mbele ya singe, mgongoni kwake bana. Kisha angalia nyuma yake, kuna nyaya, bango, kiyoyozi cha mtu. Piga goti, sogea hatua moja, nyingine, mpaka kichwa chake kiingie kwenye kipande cha anga kisicho na kitu. Kazi kubwa ni hiyo, kutoa vitu. Na kwa kuwa shaba ni nyeusi, safari hii gusa sanamu yenyewe, usiguse anga, la sivyo sura yake hutaiona.

Naam, kaka pale nyuma? Anauliza kuhusu mvua. Masika msikae ndani! Mvua ikikatika tu, hewa imesafika, mawingu yana umbo, na lami ya Samora inarudisha taa zote za daladala na bajaji. Inama kwenye dimbwi, hata dogo linatosha. Kukinga kamera, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2019, kwa hiyo nunua kofia ya kuogea, ile yenye mpira. Inashika vizuri kwenye lenzi na bei yake haikuumizi.

Wanaotaka tuvuke pamoja Jumamosi, tukutane Magogoni saa 10 jioni. Foleni ya pantoni mnaijua.