Tega Kamera, Ondoka: Kurekodi Tabia za Samaki Kwenye Matumbawe Bandia

Habari zenu watazamaji, karibuni. Hapa ni Mkwiro, kisiwani Wasini, pwani ya kusini ya Kenya. Chini ya dau letu kuna matumbawe bandia, yaani maumbo ya zege na nondo yaliyoshushwa mahali palipobaki vifusi vya matumbawe, ili matumbawe machanga yapate pa kushika na samaki wapate pa kukaa. Leo tunatega kamera tuone samaki hao wanafanya nini sisi tukiwa hatupo.

Kutokuwepo ndiko kwenyewe. Mzamiaji ana mapovu, ana kivuli, ana kishindo. Chewa akimwona anarudi pangoni, na wengine wanamsogelea kwa udadisi. Ukitaka tabia halisi, iache kamera peke yake.

Anza na ruhusa. Ongea na viongozi wa BMU ya kijiji, yaani kamati ya usimamizi wa ufuo, na kama unaingia ndani ya hifadhi ya Kisite-Mpunguti, pita kwanza kwa KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya. Waambie na wavuvi saa utakayotega, mtu asije akatupa malema yake juu ya kamera.

Siku nzuri ni za maji mafu, yaani kupwa na kujaa kunapokuwa kudogo. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo ni mkali, maji yanatibuka na kamera inatikisika. Msimu wa kaskazi bahari hutulia kuliko kusi, kwa hiyo picha hutoka safi zaidi. Mimi napenda saa tatu asubuhi, jua limeshapanda. Ukichagua saa, ishike hiyo hiyo kila unaporudi.

Sasa kamera. Ndogo ya aina ya GoPro inatosha. Nyingi huvumilia mita 10 bila kasha, lakini tumia kasha, na weka ndani pakiti ya kunyonya unyevu ili kioo kisifanye ukungu. Chagua ubora wa 1080, fremu 30 kwa sekunde, pembe pana. Ukiweka ubora mkubwa zaidi, betri na kadi vitaisha mapema zaidi. Na usishangae picha ikiwa ya buluu: rangi nyekundu ndiyo inayomezwa na maji mapema kuliko zote.

Tazama kigoda changu hiki: kipande cha zege chenye nondo fupi iliyosimama, kamera imefungwa juu, kama nusu mita kutoka chini. Kishushe taratibu kwenye mchanga au vifusi, kisiguse tumbawe hai. Acha mita mbili hivi kati yake na matumbawe bandia, jua liwe nyuma ya kamera. Kamba ya boya ipite nyuma, isicheze mbele ya lenzi. Kisha simamisha kando ya matumbawe nondo nyingine iliyopakwa rangi mbili kwa zamu, kila sentimita 10. Hiyo ndiyo rula yako ya kukadiria urefu wa samaki. Ukimaliza, panda, ondoka na chombo.

Ukirudi nyumbani, ruka dakika 10 za mwanzo, samaki bado walikuwa wameshtuka. Kisha hesabu, ila usijumlishe. Wakipita samaki watatu wa aina ya tembo wakatoka, halafu wakaja wanne, usiandike 7, maana wale watatu huenda wamo katika hao wanne. Andika 4: idadi kubwa kabisa ya aina moja iliyoonekana kwenye fremu moja. Watafiti hukiita kipimo hiki MaxN.

Halafu tazama mara ya pili, kalamu chini. Hapa ndipo penye utamu. Ona hawa wadogo juu ya zege: wote wameelekeza vichwa upande mmoja, wanapokea chakula kinacholetwa na mkondo. Mkondo ukigeuka, nao wanageuka. Kundi la tembo limesimama tu, halili. Mchana wanajificha hapa, usiku wanatawanyika kutafuta chakula. Sasa simamisha hapa. Yule mwembamba mwenye mstari mweusi ubavuni ni msafishaji. Chewa amefungua kinywa na mashavu, ametulia kabisa, na mdogo anaingia kumtoa vijidudu. Ukiona hivyo siku baada ya siku, mahali hapo pana huduma ambayo samaki wanaijia.

Nawasihi, msikimbilie kutangaza mafanikio kwa sababu ya kundi kubwa. Huenda matumbawe bandia yamewakusanya tu samaki wa mwamba wa jirani, na samaki waliokusanyika ni rahisi kuvuliwa wakaisha. Kwa hiyo tega kamera tatu, siku ile ile na saa ile ile: hapa, kwenye mwamba wa asili, na kwenye vifusi vitupu. Watafute sana wachanga. Pono wa urefu wa kidole wakionekana hapa, na miezi inayofuata ukapata pono warefu zaidi kando ya ile nondo ya rangi, wakati kwenye mwamba wa asili idadi haijapungua, hapo una jambo la kuwaambia wavuvi.

Ukimaliza, osha kasha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, nakili kadi sehemu mbili, na kila faili lipe jina lenye tarehe, saa, mahali na hali ya maji: bamvua au mafu, yanajaa au yanakupwa.