Kofia ya kapiteni

PAPY: Karibuni tena. Mnatujua: mwenye kuchelewa ni mimi, mwenye kulalamika ni yaya, yaani dada, Béa.

BÉA: Na leo amechelewa juu ya sanduku.

PAPY: Sanduku la bati, ndiyo. Wiki hii tulimaliza kilio cha baba mkubwa pale Katuba, hapa Lubumbashi. Shangazi akatuita chumbani, akalifungua. Ndani mlikuwa na cheti cha ubatizo, buku la kazi na picha ya nkambo, baba ya babu yangu, baharia wa ziwa Tanganyika.

BÉA: Yule unayetuchosha naye tangu kipindi kianze.

PAPY: Kwetu hadithi ni moja. Alikuwa ndani ya Graf von Götzen, ile meli iliyoundwa Papenburg mwaka wa 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaja kwa masanduku mpaka Kigoma, ikaunganishwa upya. Julai 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani waliona Kigoma inawaponyoka, wakaizamisha wenyewe. Lakini kwanza walizipaka mashine grisi, juu walitaka kurudi kuichukua. Mkono wa kupaka ile grisi ulikuwa wa nkambo.

BÉA: Cheti kinasema nini?

PAPY: Alibatizwa misioni ya Mpala, kando ya ziwa, 1921. Kuzaliwa, "karibu 1908".

BÉA: Basi alipaka grisi na miaka nane.

PAPY: Ngoja kwanza! Buku la kazi ni la ile kampuni ya reli iliyokuwa na meli zake Albertville, Kalemie ya leo. Lenyewe linasema "karibu 1897". Hapo ni kijana mzima.

BÉA: Jina ni lilelile?

PAPY: Kwenye cheti ni Petro. Kwenye buku ni jina la kwao, karani aliliandika kama sikio lake la Kibelgiji lilivyosikia. Lakini kijiji ni kimoja, chifu ni mmoja. Na nyumbani hakuna anayemkumbuka Petro, juu mwaka wa 1972 Mobutu alipokataza majina ya Kikristo, babu alilifuta hata kwenye mazungumzo.

BÉA: Ao ni ndugu wawili wa kijiji kimoja.

PAPY: Yaya, picha iko! Amevaa kofia ya kapiteni.

BÉA: Haya, tumefika kwenye kofia.

PAPY: Nyeupe, ukingo mweusi, nanga mbele.

BÉA: Papy, nkambo wangu alichimba shaba ya kampuni ya Union Minière maisha yake yote. Maji mengi aliyoyaona ni ya mvua. Kwenye picha yetu ya ukutani amevaa kofia hiyohiyo.

PAPY: (anacheka) Hapana!

BÉA: Na nanga! Ilikuwa ya mpiga picha. Unaingia, unachagua: koti, saa, baiskeli, kofia. Nusu ya mji huu ina kapiteni ukutani.

PAPY: Ya kwetu inamkaa vizuri kichwani. Ya kuazima haikai hivyo.

BÉA: Ya kwetu pia inamkaa. Labda alikuwa admirali wa shimo.

PAPY: Wasikilizaji, mwenye kofia hiyo kwenu atume picha. Tutapima nanga.

BÉA: Mtaona, mpaka muuza bukari, ugali wetu, wa mtaa wa Kamalondo atakuwa na meli yake. Turudi. Mapadri Weupe, wamisionari wa Mpala, walitaka miaka minne ya mafundisho kabla ya ubatizo. Toa minne kwenye 1921.

PAPY: 1917. Asante sana! Meli imezama 1916, amevuka ziwa, ameingia misioni. Inaingiana.

BÉA: Inaingiana na mtoto wa miaka tisa aliyekulia misioni, vilevile.

PAPY: Padri alikadiria kwa macho.

BÉA: Atakosea miaka miwili, mitatu. Mtu wa miaka ishirini na nne humwandiki kumi na tatu. Ana ndevu!

PAPY: Kwetu ndevu zinachelewa.

BÉA: Sikiliza. Waingereza waliitoa ile meli majini mwaka wa 1924, na 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Nkambo wako yuko kwenye meli za Albertville, anavuka kwenda Kigoma, anaikuta pale. Anarudi anasimulia. Watoto wanasikia "meli ya Wajerumani", wanaongeza vita.

PAPY: Na grisi? Mtoto anabuni grisi?

BÉA: Kila mtu wa ziwa alijua habari ya grisi. Ndiyo iliyoziokoa mashine.

PAPY: Unaamini kalamu ya karani kuliko mdomo wa shangazi yangu.

BÉA: Na wewe unaliamini buku la karani huyohuyo linapokupa 1897.

PAPY: Linakubaliana na shangazi!

BÉA: Shangazi hakuwa amezaliwa, Papy.

PAPY: Baba yake alimwambia.

BÉA: Na baba yake pia hakuwa amezaliwa.

(Kimya.)

PAPY: Sitoi Götzen, yaya.

BÉA: Usitoe. Mimi namwandika baharia wa 1927, na Petro namwekea alama ya kuuliza.

PAPY: Kwenye kipindi chetu sisi wote?

BÉA: Kwenye daftari langu.

PAPY: Tulikuwa na mambo matano ya kuwafundisha watu wanaotafuta wazee wao. La kwanza…

BÉA: Betri imebaki nyekundu.

PAPY: La kwanza tu! Nenda parokia na…

BÉA: Umekula muda wote na kofia.

PAPY: Ni wewe uliyeleta admirali wa sh—