Kilo moja ya gesi ni kilo ngapi za mkaa?

(Mazungumzo na wanakikundi wa kuweka na kukopa, Mbagala, Dar es Salaam)

Mwenyekiti, shikamoo. Akina mama, akina baba, habari za jioni. Nimepewa dakika 20, na najua kuna watu wa marejesho wanaangalia saa, kwa hiyo nawasha jiko kwanza halafu ndiyo niongee.

Jiko hili hapa naliweka kwenye mzani, na peleti zake ndani, yaani vijiti vifupi vya maranda yaliyokandamizwa. Kilo 4 na gramu 600. Katibu, niandikie hiyo. Nawasha kwa juu, siyo chini kama mlivyozoea. Moshi kidogo, mnisamehe. Nawasha feni... haya, moshi umekata. Sufuria ina lita 2 za maji, nabandika.

Shangazi pale mbele ameshasema hiki ni chakula cha kuku. (Kicheko.) Hajakosea sana, kwa sababu mashine ya kutengenezea inafanana na ile ya chakula cha mifugo. Wale mliowahi kupikia jiko la maranda, lile kopo unaloshindilia maranda huku umesimamisha chupa katikati, peleti ni mjukuu wake aliyepelekwa shule. Maranda yanakaushwa, yanakandamizwa mpaka yanapata moto, ile gundi ya asili iliyomo kwenye mti inalainika na kuyashikamanisha. Hakuna kilichoongezwa.

Sasa, mdogo wangu anaishi Sweden. Januari alinipigia: "Kaka, wewe fundi majiko, nataka jiko la peleti la kupasha nyumba joto, nichukue lipi la bei nafuu?" Mimi nimekaa kibarazani na singlendi, feni inanipulizia hewa ya moto, naulizwa habari ya kutafuta joto! Lakini nilimsikiliza. Jiko lao lina tangi, lina parafujo inayosukuma peleti kidogo kidogo, feni, na bomba linalotoa moshi nje ya nyumba. Umeme ukikatika, linazima. Peleti zinakuja kwenye mifuko ya kilo 15 au 16, na zile za daraja la juu unyevu hauzidi asilimia 10, majivu hayazidi asilimia 0.7. Nikamwambia: kabla hujauliza bei ya jiko, nenda kaulize bei ya mfuko, na uulize kama Februari utaupata.

Ushauri huo nilikuwa nimeulipia. Miaka michache nyuma nilinunua jiko la peleti, zuri, linang'aa, na muuzaji akaniahidi peleti zitaletwa mpaka mlangoni. Zililetwa miezi mitatu. Mwezi wa nne simu haipokelewi. Nikajaribu kutia mkaa, jiko halikuutaka. Nikatia vipande vya kuni, feni ikaungua. Leo lipo nyuma ya nyumba, mke wangu amepanda mchaichai. Unastawi kweli.

Kwa hiyo tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo watu tunapigwa. Sisi tunanunua mkaa kwa sado, gesi kwa mtungi, umeme kwa elfu mbili mbili. Vipimo vitatu tofauti, huwezi kulinganisha. Turudishe vyote kwenye kilo, na tuhesabu ule moto unaoingia kwenye sufuria, siyo unaopasha miguu ya mpishi. Jiko la bati, kati ya moto wote wa mkaa, sehemu moja ya tano hivi ndiyo inaingia kwenye chungu. Jiko banifu la udongo lililofinyangwa vizuri linafika karibu theluthi. Gesi, zaidi ya nusu, na kilo yake yenyewe ina moto mwingi kuliko kilo ya mkaa. Ukipiga hesabu, kilo 1 ya gesi inafanya kazi ya kilo 4 hivi za mkaa kwenye jiko la bati, au kilo 3 kwenye jiko banifu. Peleti kwenye jiko la feni kama hili, kilo 3 na nusu mpaka 4.

Mtungi mdogo una kilo 6. Ni sawa na kilo 24 za mkaa wa jiko la bati. Kesho nenda na mzani dukani kwa mpemba, pima sado moja ina kilo ngapi, zidisha bei mpaka zifike 24, halafu linganisha na bei ya kujaza mtungi. Usimuulize jirani, jirani naye hajapima. Na peleti nazo zisikuchanganye: kilo yake inafanya kazi kama kilo ya mkaa kwenye jiko la bati, ikizidi ni kidogo. Mtu akikuuzia kwa bei ya juu kuliko mkaa, umenunua usafi, hujanunua unafuu. Usafi nao ni kitu, ila jua unacholipia.

Umeme tunauogopa bure. Sufuria ya umeme ya presha, maharage nusu kilo yaliyolowekwa usiku, haizidi nusu uniti. Kwa LUKU ya kawaida elfu moja inatoa uniti 2.8, kwa hiyo ni kama shilingi 180. Yule anayechemsha maharage saa tatu kwenye mkaa aniambie ametumia shilingi ngapi. Ila chapati hazipikiki humo, msije mkanisema.

Ndiyo, mama? ...Swali zuri. Anauliza, hili la peleti linaivisha makande? Tatizo lake ndilo hilo. Unajaza mara moja, linawaka karibu saa moja, na katikati huwezi kuongeza vizuri bila kuleta moshi. Chai, wali, samaki, sawa. Makande, utajaza mara mbili, tatu.

Ukiamua kununua, chukua peleti mbili tatu uzitie kwenye glasi ya maji: zikivimba na kurudi unga, ndivyo zilivyo, na ndivyo zitakavyokuwa ukiziacha sakafuni masika hii. Ziwekwe kwenye ndoo yenye mfuniko. Ivunje moja: ikatike kwa mlio. Ikipondeka kimya, ina unyevu. Na uliza imetokana na nini. Ya pumba za mpunga inaacha majivu mengi mno, karibu moja ya tano ya uzito, utakuwa unazoa tu. Feni yake je, inachajiwa na nini, na spea ipo Kariakoo? Kama haipo, nunueni mchaichai mapema.

Na mtungi wa gesi, uzito wa mtungi mtupu umegongwa juu pale shingoni. Pima, toa, ibaki 6.

Naona maji yanatokota. Kijana, epua sufuria, weka jiko kwenye mzani hivyo hivyo linavyowaka, taratibu. Katibu, soma kwa sauti. Kilo 4 na gramu 450? Toa kwenye ile ya kwanza. Gramu 150, lita 2 zimechemka. Haya, nani amekuja na majani ya chai?