Msitafute Anayefanana Naye, Mtafuteni Aliyepiga Naye

Assalaam aleikum. Wanaonijua wanajua nitakalolisema, na nitalisema tena mpaka liingie. Kila kijana wa gitaa huniuliza suali lile lile: "Maalim, nimempenda John McLaughlin, yule mpiga gitaa wa jazi, nipe mwengine kama yeye." Namuuliza: umesoma jalada la santuri, ukaona kapiga na nani? Hajasoma. Kaiuliza simu.

Hapa Unguja mtu akivutiwa na mpiga udi huuliza: kafunzwa na nani? Yuko kikundi gani cha taarabu, Ikhwani Safaa au Mila na Utamaduni? Hao Ikhwani Safaa wapo tangu 1905, na mazoea haya tunayo. Kwa nini tukifika kwenye jazi ya fyusheni, yaani jazi iliyochanganywa na roki na muziki mwengine, tunayatupa?

Mchukueni huyo McLaughlin. Mwaka 1971 aliunda Mahavishnu Orchestra. Nyinyi mnasikiliza vidole vyake tu. Msikilizeni mpiga drams, Billy Cobham, mzaliwa wa Panama, kisha mfuateni. Mwaka 1973 Cobham alitoa santuri yake, Spectrum, na gitaa akampa Tommy Bolin, kijana wa roki wa miaka 21. Bolin hafanani na McLaughlin hata kidogo! Lakini drams ni zile zile, na kwenye kinanda yupo Jan Hammer, yule yule wa Mahavishnu, kwa hiyo sikio lako halipotei. Sasa mfuate Hammer. Mwaka 1976 utamkuta kwa mpiga gitaa Jeff Beck, santuri ya Wired. Wapiga gitaa watatu, kila mmoja na tabia yake, na umewapata bila kumuuliza mtu nani anafanana na nani.

Kuna atakayesema: "Maalim, programu ya muziki ya simu imenionesha wengi, tena bure." Imekuonesha waliosikilizwa na watu wanaomsikiliza McLaughlin. Hiyo ni habari ya wasikilizaji, si ya wapigaji. Asiye na wasikilizaji wengi hakufikii, na unaoletewa kila siku ni wale wenye kasi, mpaka unadhani fyusheni ni mbio. Hapo ndipo ninapokasirika khasa, maana nawasikia vijana waliokulia kwenye taarabu, wanaozijua maqamu za bayati na hijazi, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, tangu utotoni, wakishika gitaa wanapiga mbio tupu.

Na wao ndio wangefaidi kuliko wote! Katikati ya miaka ya 70 McLaughlin aliweka gitaa la umeme pembeni, akakaa na Wahindi: Zakir Hussain kwenye tabla, L. Shankar kwenye fidla, Vinayakram akipiga ghatam, ambayo ni chungu cha udongo. Kundi lao ni Shakti. Mbao ya shingo ya gitaa lake ilikwanguliwa baina ya freti, vile vyuma vya kugawa sauti shingoni, ili waya uvutike na sauti iteleze. Mpiga udi, ambaye chombo chake hakina freti kabisa, atalielewa jambo hilo papo hapo. Nendeni mkasikilize leo usiku.

Naoneshwa saa. Nilitaka kuwasema wapiga gitaa wengine. Allan Holdsworth: mfuateni kupitia kwa mpiga drams Tony Williams, santuri ya Believe It, 1975. Pat Metheny, anzeni na besi ya Jaco Pastorius, Bright Size Life, 1976. Lionel Loueke wa Benin anataka siku yake mwenyewe. Mtampata kwa mpiga piano Herbie Hancock.

Haya, masuali. Anayeuliza aanze kwa kunitajia mpiga drams wa santuri anayoipenda.