Ziwa Likigeuka Kioo

Mabibi na mabwana, najua wengi mmekuja mkiwa na Bukoba vichwani, ile ajali ya Novemba 2022. Ile ilikuwa ndege ya magurudumu, safari yake iliishia ziwani bila kutaka. Mimi jioni hii nazungumzia ndege ambazo maji ndiyo uwanja wake.

Mwulize rubani wa ndege ya maboya anaogopa siku gani. Atataja ukungu, naam, lakini atataja pia siku ambayo ziwa limetulia tuli, hakuna hata kiwimbi. Akitazama chini anaona mawingu, uso wa maji hauoni. Anadhani bado yuko juu, kumbe maboya yanagusa kwa kasi, ndege inachimba maji na kupinduka. Au anadhani amefika, anainua pua, mwendo unamwishia angali hewani, anadondoka kama dafu.

Kwa hiyo hufundishwa kutoyaamini macho. Fuata ukingo, matete na miti ikupe kipimo cha kimo. Weka pua juu kidogo, injini iendelee kuvuta, shuka futi 150 kwa dakika au pungufu, kisha ngoja maji yakufuate. Kungoja huko ndiko kunakowashinda watu, maana ziwa linapita chini na hujui umebakiza nini. Zamani boti ilitangulizwa kuyavuruga maji, rubani apate mawimbi ya kutazama. Werevu wa kivuvi kabisa, ukiniuliza.

Sasa ukungu. Machi 1939 ndege-mashua, yaani ile inayoelea kwa tumbo lake, ya Imperial Airways, shirika la ndege la Uingereza, jina lake Corsair, iliondoka Port Bell, Uganda, kwenda Juba. Kifaa cha redio cha kuonyesha mwelekeo kikawapotosha, ukungu ukafunika nchi, mafuta yakaanza kuisha. Walipozinduka walikuwa Kongo, juu ya mto Dungu, karibu na Faradje. Rubani Alcock akaiteremsha kwenye mto ule mwembamba, na uso wa maji aliupata barabara. Asichokiona ni mwamba uliojificha chini yake, ukaipasua ndege tumbo. Abiria na wahudumu wote walitoka hai.

Mafundi wakaiziba, wakajaribu kuirusha, ikagonga mwamba tena! Ikabidi mto ujengewe bwawa ili kina kiongezeke. Corsair iliruka kutoka pale Januari 1940, vita ya Ulaya ikiwa imeshaanza.